Mlango wa Mbele wa Mzee Okinda

Jumapili, 9 Juni 2024

Nimetoka Kamanga. Hatimaye nimeiona nyumba ya Zadok Okinda, iliyofanywa makumbusho! Niliisubiri siku hii tangu kidato cha nne, nilipoisoma riwaya yake *Karabai Tano* bwenini na kuamini kwamba hakuna aliyewahi kuliandika ziwa letu kama yeye. Asubuhi nilishuka kwenye kivuko na moyo wa mtu anayekwenda mahali patakatifu. Nimerudi nyumbani Igogo na moyo wa mpelelezi.

Kuna kitu hakiko sawa pale.

Kwanza, dari. Mgeni anaingia kutokea barabarani, moja kwa moja katika kile kinachoitwa ukumbi wa mapokezi. Nikatazama juu: nyeusi tii kwa masizi! Ni mapokezi gani yaliyofukizwa namna ile? Niliuliza. Mkurugenzi — anajiita hivyo, Bwana Masele, mkurugenzi wa vyumba vitatu — akajibu kwamba mzee alikuwa mvutaji mkubwa wa kiko. Kiko! Yale ni masizi ya kuni. Nimekulia Usukumani, nayajua masizi ya kuni.

Pili, miwani. Jozi tatu ndani ya kabati la kioo, kila moja ya kichwa chake. Nikamwambia hivyo. Akacheka: "Kaka, macho ya mzee yalikuwa yanabadilika badilika." Macho, sawa. Na fuvu je?

Tatu, picha. Upande wa ziwani wamemchora mzee ukutani, amesimama wima, mrefu na mwembamba, kama mtu aliyebanwa. Wageni wote hupigia picha hapo. Chini yake kuna jiwe kubwa la kukanyagia, limelika katikati kwa nyayo za miaka. Jiwe la kupandia wapi? Ukutani?

Nne, bibi. Alikaa kigodani karibu na picha hiyo, akichambua dagaa. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba vizuri kabisa. Mara Masele akatokea kwenye kona. Bibi akavuta kitenge usoni, akageuka, akaondoka upesi kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Masele naye akatazama chini kama aliyefumaniwa. "Yule ni nani?" "Ni mama wa hapa." Mama wa hapa! Bila jina. Nakisia ni wa kukodi. Wamemweka kama walivyoiweka ukumbini ile meza ya mzee yenye mashine ya taipu: mahali papendeze.

Tulibishana. Maelezo yote ukutani ni ya ovyo. "Mzee Okinda alipenda uandishi pamoja na samaki." Nilimwambia sentensi hiyo ingemfaa marehemu mwenye mgahawa. Badala ya kukasirika, akanishika bega. "Wewe umesoma. Tuandikie wewe ubao wa maana."

Nikakubali. Upesi mno, naona sasa. Kwa nini aniombe mimi, mtu asiyemjua?


Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimefundisha tuisheni mchana kutwa, akili ikiwa Kamanga. Kaburi la mzee nalo sikulitaja jana. Liko pembeni mwa nyumba, upande ulio na michungwa. Saruji safi, msalaba, tarehe. Hilo tu halikunipa mashaka.

Basi huenda ndilo la kutazamwa zaidi.


Jumapili, 16 Juni 2024

Nimempelekea Masele rasimu. Hakuisoma. Kwanza alinikalisha, akaniagizia soda, kisha akauliza, kana kwamba ni jambo dogo:

"Mtafiti, kitaalamu, mlango wa mbele ulikuwa upi?"

"Kwani ipo miwili?"

"Ilikuwepo. Huu wa barabarani, na ule wa ziwani. Ule niliuziba mimi barabara ilipopanuliwa, ndipo tukamchora mzee juu yake. Lakini watu wa ramani ya upanuzi wananisumbua. Na mimi hapa nilikuwa mgeni wa nje tu, napokelewa chini ya turubai. Sikuwahi kuzunguka zunguka."

Kumbe! Fumbo la jiwe limekwisha: lilikuwa la mlango. Nilijisikia vizuri kwamba nililiona kabla sijaambiwa. Na yamkini ndiyo sababu nilijibu kwa ufasaha uliopita kiasi. Nikanukuu sura ya kwanza kwa kichwa: "Akaufungua mlango wa mbele, na vumbi la basi likamkaribisha duniani." Basi, nikamwambia. Basi halipiti ziwani. Mwandishi mwenyewe ametoa ushahidi: mlango wa mbele ni wa barabarani. Ule wa ziwani ulikuwa wa uani, wa kutekea maji na kuanikia dagaa.

Masele akapiga paja. "Hiyo! Hiyo iandike hivyo hivyo. Na jina lako tunaliweka chini."

"Si lazima," nikasema.

"Ni lazima. Bila jina la msomi nani ataamini?"

Nimesahihisha aya ile mpaka imenyooka. Ni aya nzuri. Lakini furaha ya Masele ilikuwa kubwa kuliko swali lenyewe. Nani anafurahi hivyo kwa sababu ya mlango?


Alhamisi, 20 Juni 2024

Masele amenitumia picha ya ubao. Herufi nyeupe juu ya kijani. "Kwa mujibu wa mtafiti Luhende Shimba..."

Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.


Jumapili, 30 Juni 2024

Siku mbaya. Niiandike kabla hasira haijaharibu mpangilio.

Nilikwenda na Winnie. Winnie ni — sijui nimwiteje humu. Anafundisha baiolojia shule ya jirani, kwao ni Shirati, na ndiye mtu pekee Igogo anayenibishia bila kuchoka. Nilitaka auone ubao. Aliusoma mpaka mwisho, akasema, "Kiswahili kizuri, Ngosha." Ananiita hivyo kila anapotaka kunikumbusha kwamba mimi ni Msukuma tu kama wengine. Tukazunguka kwenda kaburini. Akasimama. Akalitazama kaburi, akautazama mlango wa barabarani, akaanza kucheka, mkono mdomoni.

"Nini?"

"Mbona mzee wamemlaza upande wa wanawake?"

Sikuelewa. Akanigeuza kwa mabega kama mwanafunzi wake, akanisimamisha mlangoni, uso barabarani. "Sisi Wajaluo, unatoka nje hivi. Mwenye nyumba analala mkono wa kulia. Mke wake mkono wa kushoto. Hata mtoto wa darasa la pili kwetu anajua. Haya, kaburi liko wapi?"

Lilikuwa kushoto kwangu.

Sikutikisika. Nilimwambia kwamba ninayo maelezo: yaani kaburi si la kweli! Nilijua tangu mwanzo. Wamejenga saruji tupu ili wageni wawe na mahali pa kuinamisha kichwa, na fundi aliyejenga hakujua mila. Mzee amezikwa kwao Rorya.

"Au nyumba ndiyo imegeuzwa," Winnie akasema.

"Kitabu kinasema—"

"Ngosha, maiti haisomi kitabu. Ilizikwa na watu wanaojua mlango ulipo."

"Mila si ushahidi wa kisayansi."

"Na basi la hadithi ndiyo sayansi?"

Tukabishana mpaka upande wa ziwani, ambako yule bibi alikuwa amekaa pale pale kwenye jiwe. Winnie akapiga goti kidogo, akamsalimia kwa Kijaluo. Uso wa bibi ukafunguka! Wakazungumza muda mrefu, mimi nimesimama kama mwavuli wakati wa kiangazi. Niliokota jina la Masele. Kisha bibi akanitazama, akasema kitu, wakacheka wote wawili.

"Amesema nini?"

"Amesema ndiye huyu wa ubaoni? Mbona bado mdogo."

Kwenye kivuko Winnie akanieleza. Si bibi wa kukodi. Ni Mama Akelo, mjane wa Zadok Okinda mwenyewe. Na Masele alimwoa binti yao pekee, Rebeka, aliyefariki miaka iliyopita. Mama mkwe na mkwe! Ndiyo kufunikana, ndiyo kukimbiana kwenye kona. Hata kwetu mtu huacha njia akimwona mama mkwe wake. Ningepaswa kulitambua. Nililiona jambo ninalolijua, nikalipa jina la hila.

Lakini swali linabaki: kwa nini Masele hakusema ni mkwe? Mtu asiye na la kuficha angesema.

Winnie amekasirika. Anasema nililiita kaburi la mzee wa watu saruji tupu, mjane wake akiwa pale pale. Mjane hakusikia, nikamjibu. "Mimi nilisikia," akasema, akaenda kusimama upande wa pili wa kivuko.


Jumanne, 2 Julai 2024

Nimeisoma upya *Karabai Tano*. Nilitaka kumnyamazisha Winnie kwa ukurasa.

Sura ya kwanza iko Musoma.

Musoma! Kijana yule anafungua mlango wa mbele wa nyumba ya mjomba wake, stendi ya Musoma, na vumbi la basi linamkaribisha. Kamanga haitajwi mpaka sura ya sita. Nimekuwa nikiikariri sentensi ile tangu shuleni, nikapenda mlio wake, nikasahau ilipo.

Na dari ile ya masizi si mapokezi. Ni jiko. Jiko huwa nyuma ya nyumba. Mlango wa barabarani ni mlango wa jikoni! Nyumba imegeuzwa, na mimi nimeupigia mgeuzo huo muhuri.

Sijamwambia Winnie.


Jumapili, 7 Julai 2024

Nilikwenda peke yangu kwa kivuko cha mapema ili nifike kabla Masele hajafungua. Mama Akelo alikuwa nje. Nikamwamkia, nikachuchumaa.

"Marahaba, baba. Leo yule binti hukuja naye?"

"Hapana, bibi."

"Mmegombana." Hakuuliza. Akasogeza ungo wa dagaa. "Basi kaa, nisaidie. Toa mawe, acha vichwa."

Nikakaa. Nikauliza kuhusu mlango. Akainuka taratibu, akasimama juu ya jiwe, mgongo ukiegemea miguu ya mumewe iliyochorwa ukutani, akalielekea ziwa. Akanyoosha mkono wa kulia: michungwa, kaburi. Akanyoosha wa kushoto.

"Na pale ni pangu. Mzee alipaonyesha kwa fimbo yake siku tulipohamia. Mzee kule, mama huku, nyumba katikati. Nilisema mbona unaniwahisha hivyo? Akasema ili tusije tukagombana."

Nikatazama pale pake. Vigingi vipya vimepigwa kwenye majani na kamba nyekundu imezungushwa.

"Hiyo kamba ni ya nini, bibi?"

"Si mnajenga choo cha wageni?"

Mnajenga! Alinijumlisha.

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia Masele. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto asiyejua maana ya tusi. "Yule ni mkwe wangu. Nisimame mbele ya mkwe nimweleze nitakavyolazwa? Nilipokuwa na Rebeka nilimtuma Rebeka. Sasa nimtume nani?" Akarudi kwenye dagaa. "Ukoo uliobaki uko Rorya, na huku wanasema ubao umeandikwa na mtu wa chuo. Nani atabishana na chuo?"

Nilikuwa na swali jingine. Nakiri nilikuja nalo pia. Kama jiko lile ndimo mzee alimowekewa meza, kitabu kiliandikwa jikoni? Na kama kiliandikwa jikoni, kiliandikwa na nani? Nilianza kujenga hoja nzima: mume anayelala upande mmoja, mke anayejua kila samaki aliyemo kitabuni... Nikauliza.

"Wewe," akasema, "nakwambia habari ya nyumba yangu, unaniuliza habari ya kitabu."

Nikatoa mawe.

Masele alipofika nilimfuata ofisini nikiwa nimepanga sentensi zangu zote. Akaniwahi, mchangamfu. Uzinduzi wa upanuzi ni mwisho wa mwezi. Wakubwa watakuja. Mimi nitakuwa mzungumzaji rasmi, robo saa nzima, kipaza sauti, picha magazetini. Kisha akasema, mwenyewe, bila kuulizwa:

"Kuhusu mama, usiwe na shaka. Mimi nimekaa na Wajaluo, mila zao nazijua. Mke analala kushoto kwa mlango wa mbele. Na kwa utafiti wako, kushoto ni kule kule kwenye michungwa. Siku Mungu akimwita atalala ubavuni mwa mzee. Pamoja! Hata kanisani watafurahi. Huku kwingine kunabaki wazi kwa choo."

Ndiyo maana aliniuliza mlango! Si watu wa ramani. Alihitaji kushoto kuwe upande unaomfaa, na akamtafuta mtu wa kuandika hivyo kwa Kiswahili kizuri.

Au hakujua, na anafurahi kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefurahi kweli. Hilo ndilo linalonitesa.

"Kuna tatizo, mtafiti?"

Nikasema hakuna.

Hakuna! Mimi, niliyemkatalia profesa mbele ya darasa zima! Nilisema hakuna, nikanywa soda yake, nikapanda kivuko.


Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimejitetea siku nzima. Kwanza: ni ardhi ya familia, mimi ni mgeni. Pili: labda bibi amechanganya. Tatu: choo kinaweza kuhamishwa baadaye.

Hoja ya tatu niliifuta mwenyewe. Choo hakihamishwi.


Alhamisi, 11 Julai 2024

Masele amepiga simu. Wanachimba keshokutwa, Jumamosi. "Ni siku nzuri, mama atakuwa kanisani, vumbi halitamsumbua."

Mama Akelo ni Msabato. Jumamosi asubuhi mpaka alasiri hayupo nyumbani, na kila mtu Kamanga anajua. Ni huruma hiyo, au ni njama? Zamani kidogo ningejibu bila kusita.

Nimekwenda kwa Winnie. Nimemwambia yote: Musoma, masizi, kamba nyekundu, hata lile "hakuna". Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mwambie wewe," nikamwomba. "Wewe ni wa kwao. Atakusikiliza."

"Mimi? Binti wa kupita njia nimweleze mwanaume kaburi la mama mkwe wake? Nitaonekana sina adabu, na hatasadiki. Ubao una jina la nani?"

"Langu."

"Ehe."

"Nitaonekana mjinga, Winnie. Mbele ya mafundi, mbele ya kila mtu. Aya nzima imesimama juu ya basi la Musoma."

"Utaonekana mjinga asubuhi moja," akasema. "Yeye atalala pale siku zote." Akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua kichwa: "Ngosha. Bibi alisema una mikono mizuri ya kuchambua dagaa."


Jumamosi, 13 Julai 2024

Naandikia Kamanga, shajara magotini, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niinuke.

Nimekuja na kivuko cha kwanza. Nilidhani nitamkuta Masele peke yake, nimweleze kwa faragha, ubao ushushwe kimyakimya, pasiwe na aibu kwa yeyote. Kwa yeyote! Yaani kwangu.

Mafundi walikuwa wameshafika. Fundi Chenge na wenzake, sululu begani, wamesimama kuzunguka kamba nyekundu. Hawachimbi. Katikati ya kamba, kigodani, amekaa Mama Akelo. Gauni jeupe la kanisani, kilemba cheupe, Biblia mapajani. Kengele ya kanisa imeshalia, haendi. Anatazama ziwani.

Chenge alijaribu utani: "Bibi, tupishe basi, ama tukuchimbie na wewe humo humo?"

"Ndiyo," bibi akamjibu. "Humo humo."

Chenge akavua kofia.

Masele yuko upande wa barabarani. Hawezi kuja huku, mama mkwe amekaa wazi hivyo, bila kujifunika. Hilo ndilo linalowashangaza watu. Leo hakujifunika. Kwa hiyo Masele anapiga kelele akiwa nyuma ya nyumba, na maneno yanazunguka kona bila mwenyewe: "Chenge! Kazi vipi?" Na Chenge: "Mkurugenzi, hapa kuna mtu!" "Mwambieni ahame!" "Nani amwambie? Mwambie wewe!" Kisha: "Ramani ni halali! Ubao upo! Soma ubao!"

"Mimi sichimbi kwa ubao," Chenge amesema. "Nichimbe pa kuzikia mtu? Namtaka aliyeandika aje aseme kwa mdomo mlango wa mbele ni upi. Akisema ni wa barabarani, bibi atatusamehe. Yuko wapi huyo msomi?"

Bado hawajui kwamba ndiye mimi. Wanadhani ni mgeni aliyekuja mapema kupiga picha.

Bibi anajua. Hajanitazama hata mara moja, na nashukuru, na naona haya kwamba nashukuru.

Sasa nasikia Masele anang'oa kitu. Misumari inalia kwenye mbao. Anaushusha ubao auonyeshe kwa mikono yake. Sauti yake inakaribia kona: "Mtafiti! Kuna mtu amemwona mtafiti? Alishuka na kivuko, wameniambia!"

Sikuchagua mahali pa kukaa. Nilikaa palipokuwa wazi. Niko juu ya jiwe lililolika, Mzee Okinda nyuma yangu ukutani, ziwa mbele. Kaburi liko kulia kwangu. Bibi yuko kushoto.

Masele amesimama ukingoni mwa kona, amegeuza uso asimwone mama mkwe wake. Ameukumbatia ubao, maandishi nje. Jina langu nalisoma kutoka hapa.

"Luhende," anasema, akiitazama michungwa. "Waambie."

Chenge amegeuka kunitazama. Wote wamegeuka. Nafunika kalamu —